Siku Maiki Ilipokufa

Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zikukute mzima, wewe na Mama. Magoti yake yanaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua haikununuliwa iwe pambo la kabati. Huku hatujambo. Shemeji yako ana mafua, lakini mdomo unafanya kazi kama kawaida.

Sasa tuyaache hayo, maana kuna jambo linaniwasha. Juzi niko kwenye gari na mwanafunzi wa udereva, redio yenu ikatangaza kwamba mnatafuta waimbaji kumi wakubwa wa roki wa nyakati zote, viongozi wa jukwaa hasa, na wasikilizaji ndio watakaopiga kura. Nikamwambia mwanafunzi apaki pembeni. Maskini, alidhani amekosea sheria. Tukakaa pale dakika ishirini, ada yake inateketea, mimi nabishana na redio.

Ningekupigia simu, lakini wewe na mimi kwenye simu tunakatizana mpaka hakuna anayemsikia mwenzake. Hili ni jambo la kuandika.

Namba moja ni Skafu, na sitaki ubishi. Namba mbili, Miguu Peku. Namba tatu, yule mwembamba tuliyemwita Sindano. Mama Ngozi nimempa namba tano, na hapo nimemwonea huruma. Mtangazaji wenu anawataja kwa majina yao kamili ya kizungu, lakini mimi mpaka leo nawajua kwa majina tuliyowabandika wakati tuna kaseti nne na ndimi zetu haziwezi kutamka yaliyoandikwa kwenye jalada.

Kipimo changu ni kimoja. Sauti nzuri hata kinanda kinayo. Kiongozi wa jukwaa ni yule ambaye mitambo ikimfia, watu hawaondoki.

Na ndiyo sababu nimefanya jambo. Nimesikia mna kipengele cha waimbaji wa hapa hapa, waliopendekezwa na wasikilizaji, na kwamba kura zao zitachanganywa na za hao wa dunia. Nimepeleka jina langu. Nimewaandikia habari ya ile alasiri niliyoimba uwanjani, miaka kumi na tisa iliyopita, na nimewaambia shahidi wangu wanaye wenyewe humo studio, fundi mitambo wao. Kwa hiyo jiandae.

Ni mimi,
Kaka yako


Ijumaa, 8 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika na nimeisoma nikiwa kazini, wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Mama hajambo, magoti yanasumbua asubuhi tu. Dawa anapaka. Nimemsomea orodha yako, akasema hao wote ni watu wazima wanaopiga kelele, na kwamba angekuwa mama yao wangeosha vyombo kwanza. Mpe shemeji pole ya mafua.

Kaka, Skafu namba moja? Mvue ile skafu uone kinachobaki. Karani wa benki. Ana vitambaa vitatu, viuno viwili na sauti nusu. Nimekuheshimu tangu nazaliwa, lakini hapa umepotoka.

Mimi nawasikia hawa watu kutoka upande wa pili wa waya, na huku hakuna anayenidanganya. Kiongozi wa jukwaa anajulikana kwa anavyoishika maiki. Msikilize Mama Ngozi anapopanda ile noti ya juu: anaisogeza maiki mbali kidogo, kama kiganja kimoja hivi, ili asikupasue masikio, kisha akishuka anairudisha karibu. Hakuna fundi anayemgusia kitu. Amejipima mwenyewe, jukwaani, katikati ya jasho na taa. Huyo ndiye namba moja. Miguu Peku anaimeza maiki utadhani ana njaa, na Sindano hajui hata ameishika.

Kuhusu ushahidi, tuone kwanza. Mimi ni mtu wa nyuma ya kioo, sijawahi kusema neno hewani. Pengine mtangazaji aisome barua yako tu, inatosha. Na wanaoleta majina ni wengi, usiweke moyo wote huko.

Mdogo wako


Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Sisi hatujambo, tena leo zaidi ya jana, na nitakueleza kwa nini.

Lakini kwanza: karani wa benki? Skafu? Nimeisoma mbele ya shemeji yako nikainuka kwenye kiti. Mtu aliyewafanya watu wa uwanja mzima wakae chini, kisha wasimame, kwa kidole kimoja, wewe unaniletea habari za kiganja na maiki. Unapima waimbaji kama unapima kitambaa. Mama Ngozi nimemshusha hadi namba sita kwa ajili yako.

Sasa sikia. Mtangazaji wenu amenipigia mwenyewe. Nimechaguliwa. Jumamosi ya tarehe 23, saa nne asubuhi, wataniunganisha hewani kwa simu nisimulie, kisha watakugeukia wewe studio uthibitishe, halafu kura zifunguliwe. Sijalala vizuri tangu hapo, kwa furaha. Nimenunua spika, nitaiweka uani pale shuleni kwetu. Wanafunzi wote nimewaambia waje. Majirani wanakuja. Shemeji yako ananunua soda kana kwamba tunaozesha.

Nitawasimulia hivi. Watu elfu tano. Wimbo wa tatu, niko katikati ya ubeti, mara maiki inakufa mkononi. Naipiga kofi, kimya. Watu wanaanza kunong'ona. Nikaitupa chini, nikapanda juu ya lile spika kubwa la kushoto, nikaimba kwa koo tupu, mishipa imenitoka. Mstari wa kwanza walionisikia ni wa mbele tu. Mstari wa pili wakaupokea hao wa mbele. Kufika kiitikio uwanja wote unaimba, mpaka wauza maji, na mimi hata sijisikii tena. Bendi yetu ilikufa mwaka uliofuata, lakini ile alasiri hakuna aliyeniondolea.

Nikuambie ukweli, mdogo wangu, kwa kuwa ni wewe. Hapa wananijua mwalimu wa udereva. Nikiwaambia wanafunzi kwamba niliwahi kusimama mbele ya watu elfu tano wanacheka, tena wanacheka kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo inayoniuma. Jumamosi wataisikia kwa mtu aliyekuwepo.

Kuanzia leo natunza koo. Sisemi zaidi ya lazima, na simu nimemkabidhi shemeji yako, ataiwasha Jumamosi asubuhi tu. Usinipigie.

Kaka yako mwenye furaha


Jumatatu, 18 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naamini nyote mko salama. Mama hajambo, anakusalimu. Leo sina utani.

Nimeirudia barua hii mara tatu na kila mara naichana. Nitaandika moja kwa moja. Maiki yako haikufa. Niliizima mimi.

Ulikuwa na kikohozi siku tatu, unakumbuka, na ulikataa tuahirishe. Wimbo wa pili, mimi niko kwenye mitambo, nikaanza kusikia kwenye hedifoni kitu ambacho watu walikuwa hawajakisikia. Sauti yako ilikuwa inachanika pembeni. Wimbo wa tatu, ile noti ya juu ilikuwa inakuja, nami nikajua kabisa kwamba hutaifikia, utatoa mlio wa jogoo mgonjwa mbele ya watu elfu tano. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na wewe ulikuwa kila kitu kwangu. Sikuweza kuwaacha wakucheke. Nikaishusha sauti yako mpaka chini. Nilijiambia ni sekunde kumi tu, unywe maji, upumzike, nitairudisha.

Ukapanda juu ya spika. Nilipoona watu wanaimba, mkono ulikataa kuirudisha. Baadaye ulishuka unalia kwa furaha, ukaniuliza imekuwaje, nikakuambia waya umekatika. Waya ulikuwa mzima. Ile maiki niliitumia kesho yake kwenye harusi moja.

Miaka yote hii, kila ukiisimulia mimi natafuta kitu cha kwenda kufanya jikoni. Sasa Jumamosi nitaulizwa mbele ya nchi nzima. Sitaki kudanganya na sitaki kukuvua nguo mbele za watu. Amua wewe, hii siku ni yako. Niandikie, au umtume shemeji anipigie hata neno moja. Kama Jumamosi itafika nawe umenyamaza, nitajua unataka niseme kama ulivyozoea kusema, na nitasema hivyo hivyo, na hatutaizungumza tena.

Nisamehe kaka.

Mdogo wako


Jumapili, 24 Machi

Kaka,

Shikamoo, shikamoo tena. Umelala? Mimi sikupata usingizi, na Mama anasema nimeimba bafuni asubuhi nzima.

Ulikuwa moto. Uliposema "nikaitupa chini" mtangazaji alinionyesha mkono wake kupitia kioo, vinyweleo vimesimama. Nami nilipokusikia unasimulia kwa nguvu zile, bila kusita hata kidogo, nikajua umeshaamua. Nikavaa hedifoni, nikasema nilikuwepo, waya ulikatika, niliona kwa macho yangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusema hewani na sauti ilitoka nzuri, Mama amethibitisha. Alikuwa ameongeza sauti ya redio mpaka majirani wakagonga ukuta, wakaishia kukaa na kusikiliza.

Simu ziliingia mpaka saa sita mchana. Kaka, uko namba tisa. Kati ya wote, wa dunia nzima, namba tisa, na aliye namba kumi ni Sindano. Umemwacha Sindano nyuma.

Asante kwa kunyamaza. Niliogopa ungekasirika, ukaamua kunisitiri badala yake. Mzigo wa miaka kumi na tisa umenitoka mgongoni, na sina cha kukulipa. Hata Skafu nitampa namba mbili kama zawadi.

Mdogo wako


Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo? Na wewe hujambo? Huku miili ni mizima.

Barua zako mbili zimenifikia Jumatano, pamoja, zimefungwa kwa mpira mmoja. Ile ya tarehe 18 uliandika namba ya sanduku letu la zamani, ikakaa huko mpaka karani wa posta aliyenifahamu akaiona. Ninachokuambia ni kwamba Jumamosi ile mimi sikuwa najua kitu. Sikunyamaza. Nilikuwa natunza koo.

Nikafungua ya pili kwanza. Nikasoma asante kwa kunyamaza, nikamwuliza shemeji yako, kunyamaza kupi? Halafu nikafungua nyingine.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Wanafunzi wamenichorea "Namba 9" kwa kidole kwenye vumbi la gari, na sasa wananisikiliza ninavyosema, hata wale wabishi. Nikatoka na kitambaa nikaifuta. Kilichoniuma zaidi ya uongo ni kwamba uliamua mwenyewe kuwa nitashindwa. Ungeniacha nilie kama jogoo. Pengine ningelia. Pengine noti ingetoka. Sasa sitajua hadi nife, na hilo umeniondolea wewe.

Alhamisi nikaenda kazini hivyo hivyo, uso umefunga. Hujawahi kukaa kwenye gari la kufundishia, kwa hiyo nikueleze: lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu. Nilikuwa na nesi mmoja wa makamo, mwoga sana. Tukafika njia panda, lori likatokea kulia, mama wa watu akaganda. Nikakanyaga ya kwangu. Gari likasimama. Akanigeukia uso unang'aa, akasema, "Mwalimu, nimesimama."

Nikamwambia vizuri sana. Miaka kumi na tano nasema vizuri sana, na sijawahi kuona ni uongo. Lakini Alhamisi ile neno lilinigeukia mdomoni. Nikamwambia apaki pembeni, nikamwambia ni mimi niliyesimamisha gari.

Uso wake ulishuka nikajuta. Akaniuliza nimefanya hivyo mara ngapi. Nikahesabu, nikamwambia mara mbili tangu aanze. Akaushika usukani. Kisha akasema, "Basi zile nyingine zote ni zangu." Akawasha gari, akaingia barabarani bila kuniuliza.

Nimekaa na hilo neno siku tatu. Maiki uliizima wewe. Lakini hakuna aliyenipandisha juu ya spika, nilipanda kwa miguu yangu, na koo lilikuwa bovu kweli, wewe ndiye shahidi wa hilo. Na wale watu elfu tano hawakuwa na waya wala kitufe. Waliimba kwa kuwa walitaka kuimba na mimi. Hiyo ni yangu. Iko pungufu kuliko nilivyodhani, lakini ni yangu.

Sijakusamehe bado, usijidanganye. Nina hasira na wewe na nimekukumbuka sana, vyote kwa pamoja, na shemeji yako anasema nimekuwa mgumu kuishi naye. Mama Ngozi nimempandisha mpaka namba mbili. Usiombe zaidi.

Jumamosi ijayo nitapiga simu kwenye kipindi kama msikilizaji mwingine. Nitasema yote, kikohozi, noti ya juu, mkono wako, na wakitaka kumrudishia Sindano nafasi yake wamrudishie. Halafu nitamwomba mtangazaji aniruhusu niuimbe ule wimbo wa tatu, wote, hadi ile noti. Nina miaka hamsini na moja na sitatunza koo. Wewe utakuwa kwenye mitambo. Sauti itakavyotoka, iache itoke, na watu waisikie.

Kaka yako