Jeshi la Tavura Limefika Nduta

Dada Zubeda,

Mwakeye, habari za huko uliko? Mimi huku tangu mvua zianze silali vizuri, na wa kumwambia sina. Wengine wanaogopa kama mimi, na wengine ndio ninaowaogopa. Nimebaki na wewe. Ungekuwa hai ungenicheka, ungesema, "Goreti, kuku akikohoa tu wewe unaanza kusali." Cheka, lakini nisikilize.

Kibondo uliyoiacha siyo hii. Kambi ya Nduta imefunguliwa tena, Warundi wanashushwa kwa mabasi, magari meupe yanapita kutwa nzima. Duka lako la vitenge limepangishwa, sasa wanauza maturubai na vocha. Mumeo, Mungu ambariki, ameniachia kona yangu ya baraza na cherehani yangu. Wateja wapya wananiuliza, "Fundi, kwenu wapi?" Zamani nilijibu bila kufikiri: hapahapa, nimezaliwa hapa, wazazi ndio waliokimbia kutoka Burundi, na uraia tumepewa. Siku hizi nikiulizwa hivyo, mguu unasimama kwenye pedali.

Kile kitabu tunacho. Siku tuliyokurudisha kutoka hospitali ya Kabanga ukiwa umefunikwa, wanaume walipokwenda makaburini mimi nilibaki ndani na wanawake, nikakiona juu ya kabati, kimelazwa kifudifudi pale ulipoishia. Sikuweza kukigusa. Mumeo ndiye aliyenipa, arobaini ilipopita.

Unakumbuka tulivyoanza? Kakako alikuletea kutoka Tanga, kitabu kinene cha Kiingereza, hadithi ya vita ya nchi isiyokuwepo duniani. Jenerali Tavura, mwanamke wa jicho moja, na jeshi lake la vijana, wanapanda milima kupigana na maadui wanaogeuka moshi. Jumapili mchana ulikuwa unasoma kurasa mbili tatu kimoyomoyo, halafu unatusimulia kwa Kiswahili, mimi, mdogo wangu Eliya na Shabani wa bodaboda. Kisha unafunga kitabu, kidole kikiwa ndani, unauliza, "Haya. Nani ana haki hapa?"

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza! Shabani alipanga maharage mezani kutuonyesha Tavura alivyokosea kupitisha wapanda farasi bondeni. Mimi nilimtetea Tavura, maana vijana wake wakifa alilia. Wewe ukasema, "Analia vizuri, na kesho anapeleka wengine. Mchinjaji mwenye maneno matamu." Nilikununia mpaka Jumatano. Eliya hakuwa na maneno mengi. Alisikiliza tu.

Ulipoondoka, Eliya ndiye aliyebaki na Kiingereza, kile cha kidato cha nne, kwa hiyo tukamwachia asome, nyumbani kwangu. Lakini dada, siyo kitabu kilekile. Ulipotusimulia wewe, tulisikia akina mama wanaolia nyuma ya jeshi. Akisimulia Eliya tunasikia ngoma.

Akapata kibarua Nduta, kusimamisha mahema. Huko akakutana na vijana wa rika lake, wanaongea lugha ya nyumbani kwetu. Akaanza kurudi na maneno mapya. Tunakula, ghafla anaropoka, "Watu wanauawa Burundi, sisi tunashona suruali."

Jumapili moja akatusomea sura ya Lango la Moshi, pale kikosi cha wadogo kabisa kinapoapa kulinda njia ya mlimani, na wote wanajua hawatarudi. Alipomaliza akagonga ukurasa kwa kidole. "Hawa ndio watu," akasema. "Kuliko kukaa unangoja kuchinjwa kama mbuzi."

Shabani akamwambia, "Dogo, hicho ni kitabu."

"Nduta kuna watu hawajakisoma, na wamekielewa kuliko wewe."

Nikamtazama mdogo wangu, yule niliyembeba mgongoni, nikaona simjui.

Siku hiyo alikuwepo Kesia, binti wa shangazi yangu aliyebaki Burundi. Kesia yuko Nduta na wanawe. Alipata ruhusa kuja kunisalimu. Alikaa pembeni anachambua maharage, tukadhani hasikilizi. Akauliza, bila kuinua uso, "Hilo jeshi, kabla ya kupanda mlima lililala wapi?"

Eliya akarudisha kurasa. "Kijijini, chini ya mlima."

"Wengi?"

"Maelfu."

"Na wale wenye kijiji, jeshi lilipoondoka, walikula nini?"

Eliya akatafuta. Akapekua mbele, akapekua nyuma. "Haijaandikwa."

"Yoo," akasema Kesia. "Basi aliyeandika hajawahi kulaza jeshi kwake."

Shabani alianza kucheka, akauona uso wa Kesia, akaacha. Kesia akaendelea na maharage. Nilitamani sana uwepo, dada. Wewe ungejua la kusema.

Wiki hiyohiyo Eliya alitoka asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Shabani akanipakia pikipiki mpaka Nduta, matope yanaturukia usoni. Msimamizi wa mahema akasema hajamwona. Kijana mmoja akasema, "Wamekwenda kutafuta kazi, upande wa mpakani," huku anatazama miguu yake. Nikaelewa ni kazi ya bunduki.

Ningekwenda wapi? Nikienda polisi, swali la kwanza ni lilelile, kwenu wapi, na la pili ni mdogo wako yuko na nani. Nikinyamaza, ninamzika. Siku zile sikushona. Nilikaa kwenye baraza nikikuita wewe jina lako, wapita njia wakanitazama kama mwehu.

Akarudi mchana mmoja, jua linawaka, matope mpaka magotini. Akaomba chakula. Akala ugali wa muhogo mkavu, hakungoja mboga. Ndipo akaniambia.

"Tulifika karibu na mto. Nikamuuliza mkubwa wao, tukivuka tutakula nini? Akasema watu watatupa. Nikasema, wasipotoa? Akacheka, wote wakacheka. Dada, pale ng'ambo ndiko kwa shangazi." Akaifuta sahani kwa kidole. "Nikasema naenda haja. Nikakimbia."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini hofu haijaondoka, imehamia ndani ya nyumba. Hao watu wanajua jina lake. Jana amekuja mwanamume nisiyemjua, kaleta suruali ya kupunguza, suruali mpya isiyohitaji kupunguzwa. Nikiwa nimepiga magoti nampima mguu, akauliza polepole, "Eliya yupo?" Nikasema amehamia Buhigwe. Pini zilikuwa mdomoni, sijui kama alinisikia vizuri. Alitazama mlango wa nyumba yangu kwa muda, akaondoka. Suruali kaiacha. Atarudi kuichukua.

Kwa hiyo kesho, kukipambazuka, Shabani anampeleka Buhigwe kweli, maana kwingine hatuna mtu, na naomba yule mwanamume awe hakunisikia. Shabani ana mjomba huko anayechoma matofali. Nimemfungia nguo, nimekaanga karanga.

Jioni hii Eliya ameniuliza, "Dada, mimi ni mwoga?" Nikashika ufagio, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kwenye vitabu vyote mwenye kukimbia huwa hana jina. Wewe ungefunga kitabu na kutuuliza tena nani ana haki, tungebishana mpaka magharibi, na ningeogopa kidogo tu, kama watu wengine.

Nenda salama, dada yangu. Mungu akuweke mahali pasipo na mpaka wala wa kukuuliza kwenu wapi. Nami nakuahidi hili: kesho kabla hajapanda pikipiki nitamshika mashavu yote mawili nimjibu. Nitamwambia ndiyo, wewe ni mwoga, mwoga wangu, na uendelee kuogopa hivyohivyo mpaka uzeeke.

Wako,
Goreti