Sala Niliyoikata Katikati

Mama yangu, shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, ndipo nimgeukie mdogo wangu Luka anayekusomea. Luka, soma polepole, usiruke mahali wala usiongeze la kwako. Mwandiko wangu naujua na uongo wako naujua pia. Mama, goti lako linaendeleaje? Yule mbuzi mweupe amezaa, au bado anakudanganya kwa tumbo lake? Mimi ni mzima, nimerefuka, na huku Meru watu wananiita msomi. Siwakatazi.

Barua iliyopita nilisema nimekuwa fundi wa mbao. Ni kweli, ila sikusema fundi wa upande gani. Gogo huwekwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu yake, mwingine yumo shimoni, wanavutana msumeno. Mimi ndiye wa shimoni. Unga wote wa mbao unanishukia machoni. Mbao zenyewe zinateremshwa Arusha, bomani kwa Wadachi, hao Wajerumani, na nikipita pale nawaambia watu mlango ule ni wangu. Hilo nimeliungama. Luka, acha kucheka, bado kuna kubwa zaidi.

Ninakaa Tengeru, upande wa juu, migombani, kwa mjane aitwaye Mama Anaeli. Anaeli ni mwanawe. Aliondoka na msafara wa wapagazi na hajaleta neno tangu siku hiyo. Kitanda chake ninakilalia mimi. Mama huyo anaishi na binti yake Marta, ambaye akikutazama tu unakagua nguo zako. Wote wawili ni Wakristo, lakini Mama Anaeli alibatizwa akiwa mtu mzima na kitabu hakijui.

Sasa mama huyu alikuwa na desturi yake. Chakula kikishatengwa, anafumba macho na kumshukuru Mungu kitu kimoja kimoja, kwa Kimeru. Anaanza na mvua, anakuja kwenye mgomba, tena mgomba wenyewe uliotoa ndizi za siku ile, upi na umesimama wapi. Kisha jembe. Kisha ng'ombe, na ndama wake, na kibuyu ambacho hakijapasuka. Mimi nimetoka shimoni, njaa inanitafuna, natazama mvuke unavyoiaga sahani. Nilikuwa nikimtania Marta kwamba kwao Mungu analetewa habari za jikoni kila siku, mpaka zimemchosha.

Siku moja mvua ilininyeshea njia nzima. Mama Anaeli alipofika kwenye ng'ombe nikasema amina kwa sauti, nikatia mkono sahanini. Akaikatia sala hapo, akafumbua macho. Marta akanikazia macho. Basi ili nisionekane mlafi nikajitia mwalimu. Nikasema, "Mama, shuleni kwetu tulifundishwa. Sala ya chakula ina kipimo chake kitabuni. Ukizidisha, unamchosha Mungu." Nikaisoma ile fupi, kwa kichwa, bila kukwama.

Akaniambia, "Asante, mwanangu. Mimi nilichelewa kuja, hakuna aliyenieleza."

Tangu siku ile akawa anasema ile ya kwangu. Akaniomba nimrudie maneno mara tatu mpaka akayashika. Nami, Mama, nilifurahi. Niliwasimulia wapasua mbao wenzangu kwamba nina mwanafunzi mwenye mvi. Tukawa tunakula chakula cha moto. Nyumba ikawa kimya, nami nikadhani ni adabu.

Halafu ikaja zamu yetu ya maji. Huku mfereji unashuka kutoka mlimani, na kila nyumba ina siku yake ya kuufungulia shambani. Jua lilikuwa limekausha, migomba imeinamisha majani. Asubuhi hiyo nilikwenda nao. Mama Anaeli akaondoa udongo kwa jembe, maji yakaingia. Nikamwona anafumbua kinywa, tena kwa furaha. Kisha akanitazama mimi, akakifunga. Akainama akanawa miguu.

Nikamuuliza Marta, mama ana nini. Akasema, "Unaniuliza mimi, mwalimu? Si wewe mwenye kipimo? Maji hayamo kwenye sala yako." Ndipo akaniuliza kama nilijua kilichofuata baada ya kibuyu. Sikujua. Huo ulikuwa mwisho wa sala, na mimi wakati ule nilikuwa natazama sahani. Akasema baada ya kibuyu ni maji, na baada ya maji mama alimtaja Anaeli, na baada ya Anaeli alisema hivi:

"Asante kwa mama yake Danieli, ambaye simjui, aliyeniazima mtoto wakati wangu hayupo."

Kila siku, Mama. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yako kila siku, nami nikamwambia anamchosha.

Jioni nikamweleza Mama Anaeli kweli yote, kwamba hakuna mwalimu aliyesema habari ya kipimo, na kwamba shule yenyewe niliitoroka kabla kitabu hakijafika nusu. Nilimsihi arudie ile ya kwake. Hakunikasirikia. Alisema tu, "Nimejaribu, mwanangu. Lakini nikianza, nakusikia wewe."

Kwa hiyo sasa naisema mimi, kwa Kimeru changu kibovu, na Marta anaficha uso asicheke. Nasema mvua, mgomba, jembe, ng'ombe, ndama, kibuyu, maji, Anaeli. Halafu nakutaja wewe. Kuna kitu naruka, najua, maana sala yake ilikuwa ndefu zaidi. Sikusikiliza. Nikifika hapo ninapopotea nangoja kidogo, labda Mama Anaeli atanikumbusha. Anangoja nami, kisha anasema amina.

Mama, nakumbuka ulivyokuwa ukisimama mlangoni alfajiri ukinong'ona, nami nikikuigiza ili Luka acheke. Sikuuliza ulikuwa ukisema nini. Safari hii uniambie, umpe Luka aandike, hata kama ni mbuzi na goti. Na wewe Luka, uliye darasani sasa, usimsahihishe.

Nisalimie shangazi anayefinyanga vyungu, na babu mwenye mizinga, na mwalimu wangu, umwambie namwomba radhi. Mama Anaeli anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba aliyeazimwa mtoto bado anakumbuka.

Ni mimi mwanao wa shimoni,
Danieli