Amoksi ya kifua changu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Baraka hatujambo. Mama yako amevuna mihogo, na goti langu bado linanivumilia. Unauliza kama unaweza kumpa mwenzako wa chumbani vidonge vya amoksi vilivyobaki, kwa kuwa kikohozi chako kimetulia siku ya tatu ya dawa.

Nimefungua daftari langu la ujana. Niliugua homa ya mapafu, muganga wa zahanati akanipa vidonge vya amoksi vya siku saba. Siku ya tatu nilikuwa nacheza mpira. Ndipo mjomba akaja, mguu wake umechanwa na ndoana. Wavuvi wa kwetu Swima walizoea kufungua kidonge na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda.

"Mupe, mi nimepona," nikamwambia dada yangu Riziki, aliyetunza dawa.

"We nyamaza. Muganga alisema ukikatisha, ugonjwa itarudi na nguvu."

"Ulishakuwa docteur?" mjomba akamcheka. "Mutoto wa choyo!"

Riziki alikuwa na miaka kumi na sita. Alimwosha mguu kwa maji safi na sabuni, akamsindikiza zahanati akapewa dawa yake mwenyewe. Mimi alinimezesha hadi kidonge cha mwisho, akinikagua hata chini ya ulimi.

Siku ile niliandika: "Dada ametuaibisha." Leo nimeusoma mstari huo nikaona haya, kwa sababu sikuwahi kumwambia jinsi alivyokuwa jasiri.

Mwenzako aende akapimwe. Wewe ukimeza kidonge cha mwisho, nipigie simu, niandike tarehe hiyo chini ya mstari ule.

Tate wako