Beberu wa Guka na Tumbo la Baraka

Jumanne. Mawingu yameinamia mabati na mvua haitaki kunyesha. Nimeamka na hofu na bado ninayo.

Mdogo wangu Baraka hajamaliza hata mwezi duniani. Tumbo lake limefura mpaka ngozi inang'aa. Haendi choo, na akinyonya anatapika maji ya kijani. Leo daktari ametuambia anashuku mwisho wa utumbo wake umeumbwa bila neva za kusukuma uchafu. Kesho asubuhi watampasua.

"Mama, kuna mtoto mwingine kwa familia amewahi kuwa hivi?" aliuliza. Alisema jibu litamsaidia kujua anatafuta nini.

"Hakuna," Mama akasema.

Nilitazama viatu vyangu.

Alikuwepo. Ni kaka yangu aliyenitangulia, ambaye sikuwahi kumwona. Dani, mamake Mama, aliniambia siku moja tukichambua omena, dagaa wa ziwani, kwake Kisumu Ndogo. Tumbo lilimfura hivi hivi, akafa. Watu wa kwa Baba wakasema Mama ana tumbo baya. Na leo Shangazi, dadake Baba, alikuwa ameketi pale pale, anasikiliza.

Nilirudi nyumbani Kawangware 46 kuchukua shuka. Nyuma ya ploti, Guka, landilodi wetu, alikuwa ameinama kwenye zizi. Mbuzi wake ni wa kienyeji. Zamani walikuwa wa kila rangi, lakini alipompenda beberu mmoja mweupe, aliuza madume wengine wote. Sasa beberu huyo anapanda mpaka binti zake. Leo kitoto kingine kimezaliwa bila tundu la haja. Kitumbo kimefura.

Sikuweza kukitazama.

"Huyu mama yao ana nuksi," Guka alisema. "Kesho asubuhi anaenda kichinjioni. Na wewe msichana wa vitabu, mbona unakodolea beberu wangu macho? Unataka kuolewa naye?"

Nilijua la kumwambia. Kwamba kasoro hujificha kwenye damu, na wa ukoo mmoja wakizaana, hukutana. Kwamba alete dume wa mbali, wa damu nyingine. Kwamba yule jike hana kosa la peke yake.

Badala yake niliingia ndani, nikachukua shuka, nikaondoka.

Baba na Mama si ndugu, kwa hiyo kasoro yetu si kama ya mbuzi. Sijui imetoka kwa nani. Labda na mimi ninayo. Niliwaza hivyo njia nzima mpaka hospitalini, shuka kifuani.

Nilimkuta Mama kwenye benchi. Nikainama sikioni mwake.

"Mama, daktari lazima ajue. Utamwambia, ama nimwambie?"

Aligeuka kunitazama. Nilidhani atanipiga.

"Dani alikuambia jina lake?"

"Hapana."

"Aliitwa Omondi." Akainuka, akapita mbele ya Shangazi bila kumtazama, akaenda kumtafuta daktari.

Hofu haijapungua. Baraka anaingia chumba cha upasuaji asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo mbuzi wa Guka anachukuliwa. Leo nimesema mara moja, tena kwa kunong'ona.

Je, ninayo sauti ya pili, ya kumwambia Guka?