Arobaini ya Babu Mvushaji

Jumanne, 31 Desemba 1996
Banda la video limejaa tena. Jenereta ilikohoa, ikazima, ikakohoa, ikawaka. Mbonde mwenye banda mlangoni na kikopo cha kiingilio, mimi kwenye stuli na maiki. Kazi yangu ni ileile: Mjapani wa kwenye kanda akisema, namsemea kwa Kiswahili.

Kijapani sikijui. Hili naliandika humu tu. Kibiti nzima inaamini nilikiokota kwa wale mafundi waliokuja kuchimba visima, kwa kuwa niliwabebea fito za kupimia. Nilichookota ni kuinama.

Zamani banda lilikuwa la karate na wanaume. Tangu zije katuni za alasiri, kina mama wanaingia na kutandika mikeka mbele. Mbonde anasema katuni haina haramu, maana ndani yake hamna mtu. Shehe hajatamka neno. Nadhani na yeye anangoja kusikia mwisho wake.

Kanda ya leo mpya. Nimeiita Mvushaji, kwa sababu maandishi ya kwenye ganda ni kama kuku kakanyaga wino. Mzee anavusha watu mtoni kwa mtumbwi, yeye na mjukuu wake wa kike. Mafuriko. Mpunga. Ndege wanashuka kula, mtoto anawafukuza kwa kupiga debe. Watu wakapiga kelele: "Hii Mohoro hii! Nani kasema Japani?" Mwishoni mzee kajilaza ndani ya mtumbwi, kafumba macho, filimbi inalia, maua yanamdondokea. Nikashusha sauti. Nikasema: Babu ametutoka.

Banda zima: Innalillahi. Bi Tausi muuza vitumbua alilia mpaka wenzake wakamshika. Baba yake alikuwa mvushaji upande wa Ndundu. Maji yalimchukua, hakuonekana. Hawakuzika kitu.

Maneno yangu yamewaliza watu mia! Nimefurahi. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 2 Januari 1997
Sokoni wameniuliza arobaini ya Babu lini. Nilidhani utani. Wawili hawakucheka.

Jumapili, 5 Januari
Mbonde ananituma Dar kuchagua kanda za Idd. Mimi! Sijalala mchana wala sijala vizuri. Nimeandaa mawazo yangu.

Bora ya zote, Mvushaji. Mjapani anachora mvua kama mtu aliyewahi kulima mpunga kwetu Chumbi: kwanza upepo, halafu harufu (harufu haichoreki, lakini niliisikia), halafu tone moja kwenye jani la mgomba. Ya pili, Chura Fundi Saa. Chura ana duka, anatengeneza saa za watu na yeye mwenyewe hajui wakati. Namjua mtu kama huyo hapa Kibiti, ila hana duka. Ya tatu, Dude la Chuma. Vijana wanaipenda, mimi naivumilia. Dude linapigana saa nzima, na anayeliendesha ni mtoto wa shule ambaye hakuna anayemuuliza kazi ya nyumbani.

Za kutafuta: yoyote yenye kijiji. Yenye chakula kinachofuka moshi. Mjapani akichora wali, kina mama wanasogea mbele.

Jumatano, 8 Januari
Kariakoo. Vibanda vitatu vya kanda, kichwa kikazunguka. Nimechukua moja ya watoto wanaopanda treni ya chini ya maji, na nyingine ya mbwa wa posta. Kisha nikaona chini kabisa, chini ya kanda za harusi: mtumbwi uleule! Muuzaji akasema, "Hiyo ya pili yake, kaka. Inaendelea."

Nimeipakata ndani ya basi njia nzima mpaka Kibiti kama mtoto mchanga. Jirani yangu kwenye kiti akauliza nimebeba nini. Nikasema Babu.

Ijumaa, 10 Januari
Balaa.

Asubuhi tumeiweka, mimi na Mbonde. Picha ya kwanza kabisa: Babu anakula wali. Mzima. Anatafuna. Na si mambo ya nyuma, maana mjukuu kakua, kichwa chake sasa kinamfika Babu begani. Kumbe siku ile alijipumzisha tu. Mtu kalala usingizi wa mchana, mimi nikamzika.

Mbonde alicheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi, akaacha kucheka. Keshatangaza kwamba Idd Mosi, alasiri, Arobaini ya Babu Mvushaji, na ubwabwa upo.

"Umemuua wewe, bwana mdogo," akasema. "Utamfufua wewe. Wakinizomea banda langu, namleta yule mtafsiri wa Ikwiriri. Kafika kidato cha nne yule."

Jumanne, 14 Januari
Saumu. Banda limefungwa mchana, na mimi sina pa kujificha.

Leo mama kanieleza jambo. Bi Tausi kamsomea baba yake hitima. Miaka yote alikuwa anakataa, anasema hawezi kumsomea mtu ambaye huenda akaingia mlangoni. Baada ya ile kanda kakubali. Kamwambia mama, "Nimemwona alivyolala. Kalala vizuri."

Nimetoka nje, nimekaa nyuma ya choo. Kazi naweza kuikosa, nitarudi kutengeneza redio. Lakini huyu mama atakaa mkeka wa mbele, na Babu atakuwa anakula wali.

Nilitaka kumwambia Mbonde tuiache hiyo kanda. Keshanunua mchele.

Jumamosi, 25 Januari
Uongo nilioupima mpaka leo:

Huyu ni pacha wake. Hapana. Karate zote zimeshatumia pacha.

Ni mzuka. Hapana. Mzuka hauli wali, na kina mama wa hapa wanaijua mizuka kuliko mimi.

Ni mdogo wake, karithi mtumbwi. Nilikuwa nakaribia kuupenda huu. Nikakumbuka kovu la Babu juu ya nyusi. Mwenyewe nililisimulia kovu hilo, nikasema alipigwa na kasia. Sikuulizwa. Nilijitolea.

Na kinachoniudhi zaidi: kanda yenyewe ni tamu! Nimeiangalia mara tatu bila sauti. Kuna mahali Babu anampa mjukuu upondo kwa mara ya kwanza, mtoto anausukuma, mtumbwi unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Babu hasemi. Anashika kofia yake tu. Nilicheka peke yangu, na njaa yangu. Hii imeipita ile ya kwanza. Sijui jinsi ya kuwapa watu kitu kizuri namna hii bila kumwumiza mmoja.

Alhamisi, 6 Februari
Watoto wananifuata: "Mjapani! Mjapani! Babu yuko peponi?" Nimewaambia subirini Idd. Hata sauti yangu imenitisha.

Jumapili, 9 Februari
Idd Mosi. Naandika haraka kabla sijasahau.

Watu hawakuenea. Wamekaa madirishani. Nguo mpya, udi, harufu ya ubwabwa wa Mbonde. Bi Tausi mbele kabisa, kanga mpya, mikono mapajani. Nilimwangalia mara moja, sikurudia.

Kanda ikaanza. Mto. Ukungu. Nyumba. Mlango. Babu na bakuli lake.

Jenereta tu. Nilikuwa na uongo wa mdogo mtu tayari mdomoni, na kovu lile limejaa kioo kizima. Maiki iko hapa, mdomo uko hapa. Hakikutoka kitu.

Bi Tausi akasimama. Nikasema moyoni, basi, nimekwisha.

"Kumbe kalala tu!" Akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya umati. "Huyu ndiye kamuua! Hemedi! We si mtafsiri, we Ziraili mtoa roho!"

Banda likapasuka. Vicheko, miluzi, mtu kagonga bati kwa fimbo. "Ziraili! Usinitazame mimi, nina watoto!" "Mbonde, mpokonye maiki, atatumaliza!" Mzee mmoja dirishani akauliza sasa ubwabwa huu ni wa nini. Akajibiwa ale kwanza.

Nikacheka na mimi. Nikazima maiki. Kanda nzima walijisemea wenyewe, huyu anasema Babu anaumwa mgongo, yule anasema hapana, anaogopa mjukuu ataolewa mbali. Mtumbwi ulipozunguka, kina mama wote walipiga vigelegele na kumfundisha mtoto: "Sukuma kushoto! Kushoto, mwanangu!" Nimeshuka kwenye stuli, nimekaa chini na wenzangu. Sijapata kuona katuni namna hii. Sijapata!

Jumanne, 11 Februari
Asubuhi nimekwenda kwa Bi Tausi. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Nikamwamkia, nikasimama kama mwenye deni.

Nikamwambia Kijapani sikijui.

"Tunajua," akasema.

Nikauliza nani anajua.

"Kibiti. Hata huyu jongoo hapa anajua. We uliwabebea watu fito, Hemedi, hukunywa nao maziwa ya mama." Akaongeza maji kidogo. "Tunakuja kusikia utasema nini."

Nikauliza kuhusu ile hitima. Hapo aliacha kukoroga. Akasema, taratibu, baba yake keshamlaza, hilo limekwisha na halirudi nyuma. "Yule mwingine mwache avushe watu."

Kitumbua cha kwanza kikaungua upande, akanipa hicho.

Kisha akauliza inayofuata ipi. Nikasema ya watoto wanaopanda treni ya chini ya maji.

"Humo nani anakufa?"

Nikamwambia hakuna. Sijaiangalia bado.