Askari wa Ulimi Wangu

Jumatatu, 10 Machi
Nimepalilia mpunga mpaka saa sita. Vijana wamechoka, mimi bado. Ulimi tu ndio mzito, mwezi wa pili huu. Binamu yangu Beda kanicheka barabarani: "Mzee, Kwaresima nayo unapiga mtungi?" Sijaonja tone toka Jumatano ya Majivu. Imeniuma. Baada ya Pasaka watu kutoka Mofu wanakuja kumposa Generosa, binti wa dada. Mjomba ndiye msemaji. Yaani mimi. Mlabani nzima nani ananishinda kusema?

Alhamisi, 20 Machi
Nimenunua dawa ya kuongeza kinga. Chungu kama nyongo. Wengine kijiko, mimi kikombe. Jioni maji yakanipalia, yakatokea puani. Mke wangu Koleta kalia. Nimemfokea.

Jumanne, 1 Aprili
Hospitali tena, majibu ya vipimo vya ulimi yametoka. Daktari, binti mdogo tu, kasema nitoe ulimi. Unachezacheza wenyewe kama samaki perege kwenye tenga. Neva zinazoamrisha misuli zinakufa. Itafika mikononi, miguuni, mwisho pumzi. Dawa ya kuponya hakuna. Kinga ya mwili nayo imo: askari wake wanakuja kuzima moto, baadaye wanauchochea wenyewe. Chanzo hasa hawajui.

Nikasema basi wapunguzwe! Kasema madaktari wenzake wamejaribu, haijasaidia, na hao hao ndio wananilinda na homa. Ile dawa niiache.

Nikamwambia askari wangu lazima wawe wakali, si wangu? Kacheka. Mimi sikucheka. Naogopa.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Dada kaniomba taratibu, Beda aseme badala yangu. Beda! Nimekataa. Nimeenda mbugani kufanya mazoezi. Maneno yanateleza. Ng'ombe wa Wasukuma wamenitazama tu.

Jumamosi, 26 Aprili
Wageni wa Mofu wamejaa uani. Nikasimama. Nikaanza na kiboko niliyemvuta mkia mtoni. Sentensi ya pili, mate yakanitoka. Kijana wao akanong'ona, "Mjomba kashalewa." Beda akafoka: "Koma! Mjomba anaumwa." Nikajifuta mate.

Koleta akaja akasimama ubavuni. "Anasema hivi." Nikawa nasema, yeye anarudia. Kiboko mmoja akawa wawili. Sikumsahihisha. Watu wakacheka, hata wale wazee wa Mofu. Generosa nimemtoa kwa kinywa cha mke wangu.

Jumapili, 27 Aprili
Mvua. Koleta kapika uji mzito, mwepesi unanipalia. Kaniuliza yule kiboko wa pili alikuwa dume au jike. Nimefikiri kidogo. Nikamjibu jike.

Kanielewa mara ya kwanza, sikurudia.