Nilimubatiza Mama Binti, Mimi Bado Niko Nje ya Mulango

Mpendwa Mwalimu Placide, mushauri wa gazeti letu,

Mimi ninayekuandikia ni mutu mwenye kichwa kikubwa kupita vichwa vyote toka Kabambare mpaka Nyangwe, na si ukubwa wa kupimia kofia, ni wa kuweka maneno. Katekisimu yote ninaisema bila kuangusha neno hata moja, ninaisema nikipiga matofali, ninaisema nikiwa na bugali mudomoni, na siku moja niliwasemea wenzangu Baba Yetu toka Amina mpaka mwanzo, wasichana wawili wakakimbia wakilia kwamba nimeingiwa na pepo. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mupumbavu. Naomba musaada, maana jambo lililonipata limenifunga mudomo, na mudomo huu hakuna aliyeufunga toka nizaliwe.

Jina langu ni Bulaimu. La ubatizo nimeshachagua, Théophile, lakini halijanishukia, na hapo ndipo matata yanapoanza. Miaka mitatu niko katika mafundisho, medali shingoni, matofali ya misheni nimepiga mpaka mikono imekuwa kama gamba la kobe, na Pasaka iliyopita Padri akanirudisha nyuma mwaka muzima, eti kwa sababu niliwaonyesha wenzangu namna anavyotembea akiwa na funza mguuni. Mwalimu, niliigiza vizuri sana! Kumbe mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu.

Sasa iko mama muzee mumoja hapa, Mama Binti, asili yake upande wa Wamaza, kiko hakimutoki mudomoni na mbuzi wa jirani anawatukana kwa ukoo. Miaka saba anashindwa mutihani wa ubatizo. Kila mwaka Padri anamuuliza, "Neema ni nini?" naye anajibu, "Ni kitu kizuri, Padri." "Kizuri namna gani?" "Kizuri sana." Basi, arudi mwaka kesho. Mimi nje ya dirisha ninacheka mpaka ninashika ukuta, maana jibu ninalijua: neema ni zawadi Mungu anayotupa bure, bila sisi kuistahili.

Wakati wa kuvuna pamba, homa ikamuangusha. Padri alikuwa safarini vijijini, katekista Marcellin alikwenda Kasongo, na Odile, mujukuu wa Mama Binti, akaja mbio kwetu: "Bulaimu, wewe unayejua maneno yote, kuja! Mama anakufa!" Katekisimu inasema, katika hatari ya kufa mutu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa. Mutu yeyote, Mwalimu! Nikachota maji kwa kibuyu, nikatafuta jina kubwa, nikamupa Ernestine, nikamumwagia maji kichwani, nikasema maneno. Watu wa nyumba wakalia. Mimi nikatoka nje kifua mbele kama askofu.

Siku ya tatu akaamka, akaomba sombe, mboga ya majani ya muhogo. Siku ya nane kiko kikarudi mudomoni. Ee mama yangu! Na sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa nane, sisi wa mafundisho tukatolewa nje baada ya mahubiri kama kawaida, mimi nikachungulia kwenye ufa wa mulango, nikamuona Ernestine wangu, kitambaa cheupe kichwani, anafungua mudomo ule ule wa matusi, anapokea komunyo. Asiyejua jibu iko ndani, mimi ninayelijua niko nje na kuku wa misheni. Nilitetemeka kama mutu aliyeona maji yakipanda mulima.

Baadaye akanifuata mutoni, wanawake wote wako pale, ananiita "baba", ameniletea jogoo wa shukrani. Nikachukua jogoo, kisha nikamwambia kwamba labda siku ile, kwa haraka, maneno mengine niliyaruka, na labda ule ubatizo haukushika. Neno lile likakimbia. Padri akaniita, nikasema sikumbuki vizuri. Akamuuliza mama, mama akatazama chini, hakujibu. Basi Padri akamusimamisha: asipokee tena, arudi kwenye mafundisho, ajibu swali kama wengine. Tangu siku ile Mama Binti haonekani kanisani, na Odile akinikuta njiani anatema mate.

Ninakuuliza, Mwalimu, mimi nisiyepata neema niliigawaje? Kikapo kitupu kinamwagaje muchele? Na kama maneno niliyaruka kidogo, yule mama iko na neema au hana?

*

Bulaimu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu. Mara ya pili nikavua miwani. Kijana, umefanya nini!

Nikujibu la kikapo, maana ni jepesi. Mpiga kasia wa Nyangwe huvusha watu waende sokoni, naye mwenyewe hana hata ndizi ya kuuza. Wanafika. Mchele haukutoka kwako, ulipita tu mkononi mwako, na mkono huo ulipaswa kutetemeka siku ile pale kitandani, si mwezi wa nane kwenye ufa wa mlango.

Najua uchungu wako. Mimi mwenyewe nilirudishwa miaka miwili, na nilijificha shambani nisionwe na rafiki zangu waliovaa nguo nyeupe. Lakini nani alikudanganya kwamba ubatizo ni mshahara wa matofali? Jibu umeniandikia kwa mkono wako: bure, bila kuistahili. Umelisema kama kasuku anayewaambia wageni "karibuni" na nyumba si yake. Mama Binti alishindwa kulisema, akalipokea. Wewe unalisema vizuri, na aliyepewa bure umemkasirikia.

Sasa nitazame usoni. Mtu anayesema Baba Yetu kutoka Amina mpaka mwanzo, anasahauje "Ninakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu"? Nimehesabu kwa vidole, ni maneno kumi na mawili. Huangushi neno ukiwa na bugali mdomoni, halafu uliangusha mbele ya mtu anayekata roho? Mwanzo wa barua yako umeushitaki mwisho wake. Hukuruka kitu. Umemfungia mwanamke mzee mlango wa kanisa kwa uongo, ukiwa umeshika jogoo wake!

Basi fanya hivi, wala usinibishie. Ulilolisema mbele ya wanawake mtoni, likanushe mtoni, mbele ya wanawake hao hao, jua likiwa limepanda. Ukitoka hapo nenda kwa Padri, moja kwa moja, kabla ya Jumapili. Jogoo mrudishie, na kama umemla, tafuta mwingine. Usijieleze sana; kinywa chako kimeshafanya kazi ya kutosha. Na fanya haraka. Homa inaijua njia ya nyumba ya Mama Binti, na safari nyingine haitakungoja.

Mwalimu Placide

*

Mwalimu Placide,

Jogoo nilikuwa nimemula. Nilibeba wa mama yangu, na hayo ni matata mengine.

Nilikwenda mutoni. Nikasema, "Maneno niliyasema yote kumi na mawili. Nilidanganya." Mutungi wa Odile ukaanguka, ukapasuka. Mama Binti akatoa kiko mudomoni.

"Ninajua, baba," akasema. "Homa ilikuwa mwilini, haikufika masikioni. Nilisikia mpaka Roho Mutakatifu."

"Unajua? Na mbele ya Padri ulinyamaza!"

"Ningesema nilisikia, wewe ungekuwa mwongo pale pale, wangekufukuza katika mafundisho. Na matofali yale yote uliyopiga? Mimi nimezoea kungoja."

Mwalimu, nikamuwekea jogoo miguuni. Naye akaniuliza, kwa kweli, si kwa kunicheka: "Lile jibu la Padri, wewe unalijua. Neema ni nini, baba? Nifundishe." Nikaanza, "Neema ni zawadi Mungu anayotupa bure," na pale kwenye bure sauti ikakatika. Mimi, Bulaimu, mbele ya wanawake! Odile alitazama pembeni. Mama muzee akanipa kibuyu, nikanywa.

Jumapili atapokea, Padri amekubali. Mimi nimeongezwa mwaka mwingine, na Mama Binti ameomba yeye ndiye asimame nyuma yangu, mama yangu wa ubatizo, siku yangu ikifika, Mungu akimupa uzima.

Lakini iko jambo moja sikukuandikia, na wala mutoni wala kwa Padri sikulisema. Uongo ulikuja nyuma. Jambo lile lilitangulia. Ile siku ya tatu Odile alikuja mbio kwetu, anacheka huku analia, akanishika mikono yote miwili: "Bulaimu, Mama ameamka! Anaomba sombe!" Na mimi niliyemwaga yale maji, sikufurahi.